Sura ya Sita: Kuomba Saa Mbili

Nanganga ni njia panda. Basi linalotoka Lindi kwenda Masasi hupita hapo, na anayekwenda Ruangwa hukata kona hapo na kuishika barabara ya kilomita 53 inayoingia Mkoa wa Lindi. Kwa anayeendelea na safari ya Masasi, mbele kuna Nangoo, kisha Ndanda yenye hospitali na shule za wamisionari Wabenediktini, chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Bonde la Lukuledi liko jirani, na kila upande ni mikorosho.

Mahali kama hapa hapakosi watu waliosoma. Wapo vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri matokeo. Wapo wahitimu wa vyuo vya ualimu ambao ajira haijawafikia na sasa wanaendesha bodaboda. Msimu wa korosho ukifika, wapo makarani wa vyama vya msingi vya ushirika wanaojumlisha kilo na makato bila kukosea. Wapo wauguzi, wauza dawa, mafundi simu, na walimu wastaafu ambao bado wanaitwa "Mwalimu" na watu wenye wajukuu. Ukiwaweka pamoja wote wa kata moja, unapata watu wengi zaidi wanaojua hesabu za kidato cha kwanza na Kiingereza cha kuanzia kuliko shule nyingi za kata zinavyoweza kuajiri.

Swali la sura hii ni dogo, lakini wengi hulikosea. Ni nani kati yao atakubali kukaa na watoto sita wa kidato cha kwanza Jumatano alasiri, kisha arudi Jumatano inayofuata, na ile inayofuata tena? Kumpata mtu wa siku ya kwanza ni rahisi. Mkutano wa kijiji, hotuba ya mgeni rasmi, makofi, majina ishirini kwenye daftari. Baada ya wiki tano daftari lipo na watu hawapo, na hapo ndipo watu wazima huanza kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea.

Historia ya kusini hailiungi mkono lalamiko hilo.

Masasi ilijulikana kwa shule zake mapema. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaleta hapo watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kijiji walichokianzisha kikawa na darasa tangu mwanzo. Wazungu walikuwa wachache mno kufundisha kila mahali, hivyo kazi ikawaangukia waliokuwa wametangulia kidogo tu kusoma. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni na kusomea Kiungani, Zanzibar, alipewa daraja la upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali, upande wa Newala, mbali na makao makuu ya misheni. Nyuma yake walikuja walimu wa vijijini wengi ambao majina yao hayamo katika vitabu. Walifundisha walichokijua, na mara nyingi kilikuwa kimezidi kidogo tu kile walichokijua wanafunzi wao. Mtindo huo ulizalisha watu. Benjamin Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu, alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akaanzia masomo kijijini kwake na kuendelea Ndanda.

Kisha likaja wimbi kubwa kuliko yote. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba asilimia 67 ya watu wazima Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, kikaingia hadi vijiji vya mwisho wa barabara. Walimu wa shule hawakutosha, kwa hiyo waliofundisha walikuwa vijana wa darasa la saba, makarani, mabwana shamba, na wakati mwingine mtoto akimfundisha mama wa jirani. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulikuta wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39, na ule wa 1986 ukakuta asilimia 9.6. Hata anayezitilia shaka takwimu za serikali za zama zile hawezi kukana kwamba kazi ilifanyika, na kwamba sehemu kubwa ilifanywa na watu ambao hawakuwa walimu.

Ndani ya wimbi hilo kuna kampeni moja inayostahili kuangaliwa kwa karibu na mtu yeyote anayetafuta wakufunzi wa kujitolea leo. Mwaka 1973 redio ilitangaza kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Waliongozwa na viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000, na wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Kazi ya kila mmoja ilijulikana: kikao kimoja kwa wiki, kijitabu kimoja mkononi, wiki 12, basi. Hakuna aliyeambiwa "ukomboe taifa" bila kuambiwa Jumanne afanye nini.

Linganisha na yaliyofuata. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi ifikapo 1977. Makumi ya maelfu ya vijana wa darasa la saba wakachukuliwa, wakasomeshwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Walikuwa vijana wenye ari, na wengi wao baadaye wakawa walimu wazuri. Lakini hawakuombwa kumsaidia mwalimu. Waliwekwa mahali pa mwalimu, darasa zima, masomo yote, miaka yote. Wananchi hawakuchelewa kuwapachika jina: UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ikawa "Ualimu Pasipo Elimu". Miaka 30 baadaye, shule za sekondari za kata zilipoota kama uyoga chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa madarasani. Hao nao wakaitwa "Vodafasta", yaani walimu wa harakaharaka. Dhihaka hizo mbili ziliwaonea vijana hao, kwa sababu kosa halikuwa lao. Walibebeshwa mzigo wa mtu mwingine.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, nchi nzima ilishika kichwa: watahiniwa 240,903, yaani asilimia 60 hivi, walipata sifuri. Madaraja yalipangwa upya baadaye, lakini hesabu ile ya kwanza iliacha alama. Tangu hapo halmashauri nyingi zina kambi za kitaaluma, masomo ya jioni na namna ya kuwatafuta watu wa nje wasaidie.

Hapa inabidi kutenganisha mambo mawili ambayo kwa Kiswahili cha ofisini huitwa jina moja.

"Mwalimu wa kujitolea" leo, katika shule nyingi za Mtwara na Lindi, ni mhitimu mwenye cheti, stashahada au shahada ya ualimu ambaye anafundisha vipindi kamili, anaandaa maazimio ya kazi, anasahihisha madaftari, na kulipwa posho inayotegemea mifuko ya wazazi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, na hasa Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni Januari 2018, posho hiyo ilizidi kuyumba. Mwanzoni mwa mwaka 2025 wahitimu wasio na ajira walijitokeza hadharani kupitia umoja wao wa NETO, wakitaka, pamoja na mengine, wale waliojitolea kwa miaka watazamwe kwanza. Madai yao ni ya haki. Mtu anayefanya kazi ya mwajiriwa saa zote za kazi anadai mshahara, na hakuna mbinu ya uhamasishaji itakayolifuta deni hilo.

Anayezungumziwa katika sura hii ni mwingine: mtu mwenye shughuli zake, anayeombwa saa mbili kwa wiki. Hachukui nafasi ya mwalimu. Anakaa na watoto wachache, anawasikiliza wakisoma, anawaelekeza hesabu zilizowashinda darasani, na katikati ya hayo anakuwa mtu mzima ambaye mtoto anaweza kumwambia kwamba nyumbani wanataka aache shule.

Kusini huku mtu wa namna hiyo si mgeni. Jando na unyago vilikuwa, na bado ni, mfumo wa kumkabidhi mtoto kwa mtu mzima asiye mzazi wake ili amfunde. Kungwi na somo hawakuchaguliwa kwa tangazo. Familia ilitazama tabia ya mtu kwa muda mrefu, ikamwendea kwa heshima, na ikamshukuru kwa kitu. Watu wa miradi wanaofika na fomu za kujiandikisha wangejifunza jambo kwa kuuliza somo wa mtaa hupatikanaje.

Mfano bora wa siku hizi nchini ni wa CAMFED, shirika lililoanzia Zimbabwe mwaka 1993 na kuingia Tanzania mwaka 2005. Lilianza kwa kuwalipia wasichana wa familia maskini mahitaji ya shule. Wasichana wale walipomaliza, walikuwa na umoja wao tayari, na hapo ndipo wazo likazaliwa: binti aliyemaliza kidato cha nne arudi katika shule ya jirani kuwa mlezi wa wanafunzi. Anapewa mafunzo, anapewa kitabu cha stadi za maisha cha kuongozea vipindi, na anajifunga kwa miezi 18. Kila wiki anaingia darasani. Mtoto akikosa shule siku mbili tatu, yeye ndiye anayekwenda nyumbani kuuliza.

Analipwa nini? Mshahara hapati. Anaweza kupata mkopo mdogo usio na riba wa kuanzisha biashara, na inahesabika kwamba riba ameshailipa kwa saa alizowapa wanafunzi. Anaweza pia kupata cheti cha BTEC kinachotambulika kimataifa, ambacho kinamfaa akiomba nafasi ya chuo cha ualimu. Mkono mtupu haulambwi, Waswahili walishasema. Lakini angalia ni kitu gani kimewekwa mkononi: si posho ya kikao, ni ngazi ya kupandia. Binti anayefungua genge au kufuga kuku kwa mkopo huo anabaki kijijini, na akibaki kijijini anaendelea kuonekana na watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipoufuatilia mpango huo nchini Tanzania, walikuta wasichana katika shule zilizokuwamo wamepiga hatua katika Kiingereza na hesabu kuliko wenzao wa shule nyingine. Mwaka 2020 viongozi wawili wa shirika hilo, Lucy Lake na Angeline Murimirwa, walipewa Tuzo ya Yidan ya maendeleo ya elimu. Murimirwa mwenyewe alikuwa mmoja wa wasichana wa kwanza kusomeshwa na shirika hilo kule Zimbabwe.

Kwa nini binti wa miaka 20 mwenye cheti cha kidato cha nne afanikiwe mahali ambapo mtaalamu wa mjini hushindwa? Sababu moja ni lugha. Mtoto wa Newala huenda amelelewa kwa Kimakonde; wa Masasi kwa Kimakua au Kiyao; wa Ruangwa kwa Kimwera. Shule ya msingi inamfundisha kwa Kiswahili, na siku anapoingia kidato cha kwanza karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Aliyevuka mto huo miaka michache iliyopita anakumbuka ni jiwe gani linateleza. Profesa hakumbuki.

Jambo hilo la lugha ndilo lililofanya mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Lindi na mikoa mingine kuanzia 2014, uwatafute wanakijiji wa kuwaandaa watoto wasiopata elimu ya awali. Kijiji chenyewe kilimchagua kijana wake, akapewa mafunzo mafupi, akawafundisha wadogo kwa hadithi na michezo kabla hawajaingia darasa la kwanza. Upande wa pili wa mpaka, mkoani Mtwara, ulikuja mradi wa Tusome Pamoja kuanzia 2016, kisha Jifunze Uelewe, kwa fedha za Marekani. Fedha hizo zilikatwa ghafla mwaka 2025. Vitabu na walimu waliofundishwa walibaki, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, anayejenga mpango wa kujitolea juu ya nauli inayotoka Washington ajue kwamba amejenga kwenye mchanga.

Sasa twende India, kwa sababu huko ndiko ilikopatikana taarifa inayowauma zaidi wahamasishaji. Mwaka 2005 na 2006 shirika la Pratham lilifanya kazi katika wilaya ya Jaunpur, jimbo la Uttar Pradesh. Katika vijiji 65 liliwaonyesha wananchi jinsi ya kumpima mtoto kusoma, kisha likawaomba wajitolee kufundisha. Watu waliitika. Vijiji 55 vilianzisha madarasa, wakapatikana wakufunzi wapatao 400, bila malipo. Watoto walioshindwa kutambua hata herufi na wakahudhuria walipiga hatua ya kuonekana. Tatizo likawa upande ambao hakuna aliyeutazamia: ni asilimia 8 tu ya watoto wa vijiji hivyo waliofika kwenye madarasa hayo.

Yaani wakufunzi walikuwepo. Waliokosekana ni wanafunzi. Madarasa yalikuwa nje ya shule, baada ya saa za shule, wakati mtoto yuko kisimani au shambani. Pratham hawakuficha matokeo hayo. Walibadilisha mbinu, wakaanza kuendesha kambi za siku chache ndani ya majengo ya shule na wakati wa shule, watoto wakipangwa kwa kiwango cha kusoma badala ya umri, na hapo mafanikio yakaja kwa wengi. Kwa mtu wa uwanda wa Makonde, ambako kuchota maji kunaweza kumla mtoto alasiri nzima, funzo ni la moja kwa moja: kabla ya kumtafuta mkufunzi, tafuta saa ambayo mtoto yupo. Mara nyingi saa hiyo ni kabla ya kengele ya kwenda nyumbani.

Uwezo, mpango uliochukua mfano kutoka India na kuanza kuwapima watoto wa Tanzania, Kenya na Uganda majumbani, ulithibitisha upande wa pili wa habari hiyo. Wananchi wa kawaida, wakipewa siku mbili tatu za mafunzo na kazi yenye mwisho unaojulikana, hutembea nyumba kwa nyumba na kurudi na fomu zilizojazwa. Kenya nayo ilijaribu njia tofauti mwaka 2014 kwa mpango wa G-United: wahitimu wa vyuo vikuu walipelekwa kaunti zisizo zao, wakakaa na familia za wenyeji na kuwasaidia watoto kusoma. Kwa kuunganisha makabila mbinu hiyo ina faida zake. Kwa Nanganga haina maana. Mgeni wa mwaka mmoja ni ghali, na akiondoka anaondoka kabisa.

Kuondoka ndiko kunakoumiza. Nchini Marekani, ambako mpango wa Big Brothers Big Sisters umewakutanisha watoto na walezi wa kujitolea kwa zaidi ya miaka 100, Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa vijana zaidi ya 1,100. Waliokaa na mlezi kwa mwaka mmoja au zaidi walifaidika katika mambo mengi. Waliokatiwa uhusiano ndani ya miezi mitatu walijiona duni kuliko kabla hawajapewa mlezi. Mwalimu mkuu anayepokea kila anayejitokeza, kwa hoja kwamba mtu mmoja ni bora kuliko hakuna, anaweza kuwa anawadhuru watoto wake. Mtu wa mwezi mmoja afaa kuchonga madawati au kupaka rangi ubao. Mtoto asikabidhiwe kwake.

Nani basi anaweza kukaa, na lini? Kusini hii ina kalenda yake. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Kwa hiyo kati ya Januari na Juni kila kata ina vijana ambao Kiingereza na hesabu bado vimo kichwani na mikono haina kazi, wakati huohuo ambao kidato cha kwanza wanateseka na lugha mpya. Kipindi hicho ni cha dhahabu na karibu kila shule hukiacha kipite. Wa kidato cha sita humaliza Mei, na wengi huitwa JKT kabla ya vyuo kufunguliwa Oktoba au Novemba, hivyo kuwategemea ni kubahatisha. Oktoba hadi Desemba ni minada ya korosho. Usimwombe mtu yeyote wa Masasi, Newala au Tandahimba chochote miezi hiyo. Yuko chini ya mkorosho au ghalani, na ana haki. Juni hadi Agosti, na tena likizo ya Desemba, ni sherehe za jando na unyago. Mpango unaoandikwa Dar es Salaam wenye "uzinduzi wa Novemba" umekwisha kabla ya kuanza.

Kijana wa Januari hadi Juni anatosha miezi sita, nayo ni michache kwa ulezi lakini inatosha kwa masomo, mradi mtoto aambiwe tangu siku ya kwanza kwamba kaka huyu ataondoka Julai. Kwa ulezi wa mwaka na zaidi inabidi kuwatazama wenye mizizi: mabinti wenye biashara ndogo, walimu wastaafu, wauguzi, mafundi, mama wa vikoba. Wastaafu husahaulika zaidi ya wote. Wamezoea watoto, na mchana wao ni mrefu.

Namna ya kuomba nayo ina uzito. Tangazo kwenye mti wa ofisi ya kata huwaleta wanaotafuta posho. Mkutano mkuu wa chama cha msingi, ambako wakulima wamekuja kusikiliza bei, unawafikia wazazi wengi kwa siku moja kuliko mikutano mitatu ya shule. Msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani baada ya misa kuna watu waliokwisha zoea kutoa muda wao bure. Makundi ya WhatsApp ya waliosoma Ndanda, Chidya au Masasi Wasichana yana watu walio mbali ambao hawawezi kuja Jumatano lakini wanaweza kumpigia simu mtoto. Hilo si jambo la kudharau: shule zilipofungwa kwa sababu ya korona mwaka 2020, nchini Botswana watoto walisaidiwa hesabu kwa ujumbe mfupi na simu ya dakika 20 hivi kwa wiki, na waliosaidiwa hivyo walijua zaidi kuliko wenzao.

Ombi lenyewe linatakiwa litoke kwa mtu anayejulikana, kwenda kwa mtu mmoja kwa jina lake. "Shikamoo Mwalimu, tunakuomba Jumatano saa nane hadi saa kumi, watoto sita wa kidato cha kwanza, hesabu tu, kuanzia Januari hadi Juni." Anayeombwa hivyo anaweza kukubali au kukataa. Anayeombwa "aisaidie shule" hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Atasema ndiyo kwa adabu na hataonekana.

Kuna jambo ambalo waandaaji hulionea haya, na haya hiyo imewaponza watoto. Mtu anayejitolea kukaa na watoto lazima achunguzwe. Tangu mwaka 2016 sheria ya elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawabebesha watu wazima wote wajibu wa kumlinda mtoto. Sheria huja baada ya madhara. Kabla ya hapo kuna barua ya mwenyekiti wa kijiji, majina ya watu wawili wanaomfahamu mwombaji, masomo yanayofanyika darasani milango ikiwa wazi, na mwiko wa kumwita mwanafunzi nyumbani au kumpa zawadi kwa siri. Kila shule iwe na mwalimu mlezi anayepita kila wiki kuangalia. Anayekasirika kwa kuulizwa maswali amekwisha jibu. Tahadhari hiyo ina uzito zaidi tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni, kwa sababu mabinti hao ndio wanaomhitaji mlezi kuliko wengine na ndio rahisi kuumizwa tena.

Gharama si nyingi, lakini zipo: nauli kwa anayetoka mbali, chaki na daftari, chai, vocha ya simu. Kuzidi hayo yote, kuna barua ya mkuu wa shule yenye muhuri, inayotaja idadi ya saa zilizotolewa. Kijana anayeomba chuo au kazi ataitumia barua hiyo kuliko fulana yenye nembo ya mradi. Halmashauri inaweza kuamua kwamba barua kama hiyo ina uzito katika kugawa nafasi za muda na mikopo ya vijana, na isigharimu shilingi.

Haraka ipo, na ina tarehe. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao waliowatangulia watamaliza darasa la saba. Kwa mpango huo, Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, Nanganga kama kwingineko, na yatasomeshwa na walimu waliopo. Mkuu wa shule yeyote wa ukanda huu anayesoma hapa anaombwa afanye jambo moja kabla ya wakati huo: aandike majina ya watu kumi wa kata yake anaoweza kuwaomba saa mbili, awaendee mmojammoja, na aanze na wawili Januari ijayo.